Uzee, Uzembe na Feki: Hesabu za Noah Yetu

Mwezi Juni mwaka 2024, fundi wangu wa Majengo, hapa Moshi, aliandika juu ya kipande cha boksi la filta orodha ya vitu saba ambavyo gari letu, Toyota Noah, lilikuwa linavihitaji, akavijumlisha kwa chini, na jumla ikawa shilingi 1,385,000. Akaniambia, "Mama, nenda nayo nyumbani mkaongee na mzee, msije mkasema mimi ndiye niliyewasukuma." Siku hiyo kipimo cha kilomita kilisoma 343,216. Dalali mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la gereji akinywa kahawa, na ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kuwa kuweka fedha hiyo kwenye gari la namba B, yaani la usajili wa zamani, ni sawa na kumshonea suti mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa rufaa. Wote walicheka, nami nikacheka, kisha nikaendesha kurudi nyumbani Rau huku shokapu ya mbele kulia ikigonga kwenye kila shimo kana kwamba inamuunga mkono dalali.

Orodha ilikuwa hivi: shokapu mbili za mbele, boljointi mbili, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, rejeta, sili ya krenki, pedi za breki za mbele, na themostati. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha ajabu. Kilichonisumbua ni kwamba vyote vilikuja kwa pamoja, na kwamba juu ya hivyo injini ilikuwa imeanza kula oili, lita moja kwa kila kilomita 1,800 hivi. Swali ambalo tulikuwa tunalikwepa kwa miaka mitatu, la kulitengeneza gari au kuliuza, sasa lilikuwa limeandikwa kwenye boksi la filta.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa huko Uru, na mume wangu ni mwalimu. Noah hii, toleo la mwaka 1999, tuliinunua mwaka 2011 kwa shilingi 13,500,000 ikiwa imeshalipiwa ushuru na kusajiliwa. Imepeleka watoto watatu shule, imebeba mbolea, miche ya migomba, mashine ya kukobolea kahawa na jeneza moja, na kila Desemba imewapokea ndugu wanaopanda kutoka Dar es Salaam kuja "kuhesabiwa". Kwa sababu ya kazi yangu siwezi kutoa fedha bila kuiandika, kwa hiyo tangu siku ya kwanza gari hili lina kaunta buku yake, yenye tarehe, kilomita, kilichofanyika, duka kilikonunuliwa na bei. Mume wangu huiita kadi ya kliniki.

Ni vyema niseme kidogo kuhusu gari lenyewe, kwa kuwa hoja zote zinazofuata zinalihusu hilo na si gari jingine lolote. Noah za umbo hili la kwanza, ambazo Toyota ilizitoa kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, zina injini chini ya viti vya mbele na zinasukumwa na matairi ya nyuma. Ya kwetu ina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000 inayoitwa 3S-FE, ambayo mafundi wa huku wanaifungua na kuifunga kama mama anavyosuka nywele za mwanawe. Mkanda wake wa taimingi unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na hata ukikatika njiani, injini hii imeundwa kwa namna ambayo valvu hazigongani na pistoni. Utasimama, utavutwa, utafunga mkanda mwingine, na safari itaendelea. Zipo injini mpya zaidi ambazo mkanda au cheni yake ikiachia, unaanza kutafuta injini nyingine. Tena gari hili limeishi maisha yake yote mbali na bahari. Gari la umri huohuo lililokaa Tanga au Unguja, chumvi ya hewa ingekuwa imeshakula sakafu na vizingiti vya milango, ilhali ya kwetu imepigwa vumbi na tope jekundu tu.

Sasa kilomita. Watu wanapoona 343,000 huona namba moja kubwa, lakini mimi nikifungua daftari naona kilomita za aina mbili. Kuna zile za barabara kuu, za Moshi kwenda Arusha, ambazo ni kama 80 kila upande, injini ikiwa imeshapata joto, gia ya juu, mguu haubanduki kwenye mafuta wala haukanyagi breki mara kwa mara. Kuna na zile za kupanda Uru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, injini ikiwa ya baridi, gia ya pili, kilomita chache tu, na jioni kushuka kwa breki. Kilomita 10 za namna hii ya pili nadhani zinalizeesha gari kuliko 80 za Arusha, na mtu anayesoma kipimo peke yake hana njia ya kuzitenganisha.

Zaidi ya hapo, kipimo chenyewe kina mashaka yake nchini kwetu. Tulipoinunua ilisoma 131,000, na nilikuwa mmoja wa wanunuzi wachache walioomba waone hati ya kufutiwa usajili kutoka Japani. Hati hiyo huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa lazima, ambao kwa gari dogo la familia hufanywa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili. Yetu iliandikwa 129,400, kwa hiyo namba zangu za leo ni za kweli. Hilo lilikuja kuwa na uzito baadaye, ingawa si kwa namna niliyoitarajia.

Nilianza na kazi ninayoijua. Nilichukua matumizi yote ya matengenezo ya miaka mitatu, 2021 hadi 2023, nikaondoa sevisi za kawaida za oili na filta ambazo gari lolote huzihitaji, na nikabaki na shilingi 4,815,000. Kwa kawaida mtu angegawa kwa tatu, akapata 1,605,000 kwa mwaka, akashika kichwa. Mimi nilipitia mstari mmoja baada ya mwingine nikijiuliza swali dogo: hiki kilitengenezwa kwa sababu gani hasa? Baada ya kurasa mbili nikagundua kwamba majibu yalikuwa matatu tu yanayojirudia, nikachora safu tatu. Ya kwanza niliiita uzee: kitu kimemaliza maisha yake kwa haki. Ya pili uzembe: kitu kilitoa dalili, tukaambiwa, tukaacha. Ya tatu feki: kitu kilibadilishwa, kikafa kabla ya wakati kwa sababu hakikuwa kile kilichoandikwa kwenye boksi lake. Uzee ulipata shilingi 2,050,000. Uzembe ulipata 1,620,000. Feki ilipata 1,145,000. Nilijumlisha mara mbili, kwa maana sikupenda nilichokiona: zaidi ya nusu ya fedha iliyotumika kulitunza "gari la zamani" haikuhusiana na uzamani wake.

Mstari mzito kuliko yote kwenye safu ya uzembe unaitwa Makanya. Ilikuwa Desemba 2022, tunarudi kutoka Korogwe kwenye msiba, tuko saba ndani pamoja na mama mkwe. Ile nchi ya chini kati ya Hedaru na Same ina joto ambalo sisi wa mlimani hulisahau hadi tunapoliingia tena, na saa nane mchana geji ya joto, ambayo kwa miaka kumi na moja ilikuwa haijawahi kuvuka nusu, ilipanda hadi juu huku mimi nikiiangalia na kujiambia kuwa labda waya wake umelegea. Hayo ndiyo maneno niliyojiambia kwa kilomita mbili nzima. Nilipokuja kusimama, mvuke ulikuwa unatoka chini ya kiti changu, maana kwenye Noah hii injini ikichemka dereva ndiye anayekuwa wa kwanza kujua. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kidole. Tulikaa chini ya mgunga saa mbili na nusu, vijana wa pale wakatuletea maji kwa madumu, fundi wa pikipiki akaufunga mpira kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi na waya, tukafika Moshi usiku wa manane tukisimama kila baada ya kilomita 20 kuongeza maji.

Mama mkwe hakulalamika hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mpira mpya ulikuwa shilingi 35,000. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua kwa sababu ya zile kilomita mbili za kujidanganya, kusawazisha hedi iliyopinda, gasketi nyinginezo, oili na ufundi vilinigharimu shilingi 740,000. Na katika daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kuna mstari wa Juni mwaka uleule: "Fundi anasema mpira wa juu wa rejeta umeanza kulainika, ubadilishwe." Sijui kama kuna uthibitisho mwingine wa uzembe unaozidi huo. Hata lingekuwa gari la mwaka 2015 lenye mpira uliolainika na dereva anayebishana na geji, nalo lingelala Makanya.

Safu ya feki ina historia ndogondogo nyingi, nami sitazisimulia zote. Shokapu za nyuma zilizodumu miezi mitano. Beringi ya gurudumu iliyoanza kuvuma kabla sijamaliza kuisahau bei yake. Boljointi iliyokuja kwenye boksi zuri lenye stika ya kung'aa, ambayo ilipochomolewa baada ya miezi minane ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Nimejifunza, kwa hasara, kwamba kwa vitu fulani spea ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani ni bora kuliko mpya ya bei ya chini, na kwamba kwa vitu vya mpira na vya usalama kama breki haifai kununua mtumba hata kidogo. Nimejifunza pia kuchukua spea ya zamani, kuipeleka dukani mwenyewe na kulinganisha uzito mkononi. Fundi wangu alidhani simwamini, hadi siku aliyoona kuwa nilichomletea ni kizito kuliko alichokuwa anatumwa kununua.

Themostati inastahili aya yake, kwa sababu ni kosa la hekima ya mtaani. Fundi wa zamani, kabla ya huyu, aliing'oa mwaka 2014 akaitupa, akisema kwamba vile ni vitu vya nchi za baridi. Inaonekana ni busara mpaka ujue kazi yake: kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ifikie joto lake, kwenye nyuzi 80 na kitu, na baada ya hapo kuyaachia. Bila hiyo, injini inayoshuka kutoka Uru asubuhi ya Julai, wakati wingu limekaa juu ya mji na watu wamevaa makoti, hufika mjini ikiwa haijapata joto, na injini ya baridi hunywa mafuta zaidi na kuchakaza ringi zake, zile pete zinazoziba pistoni. Kwa miaka kumi tulikuwa tunaendesha hivyo. Sikujua mstari huo niuweke safu gani, mwishowe niliuacha nje ya safu zote nikaandika pembeni: "Tuliambiwa."

Baada ya hapo ndipo nilipofanya hesabu ya pili, ya kuuza. Dalali wa benchi alisema Noah ingepata shilingi 4,500,000. Toyota IST ya namba D iliyo katika hali nzuri ilikuwa ikiulizwa 12,500,000, kwa hiyo pengo lilikuwa 8,000,000, ambalo lingetoka kwenye mkopo wa SACCOS yetu kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kwa miezi 36 riba ni shilingi 2,220,000. Jumla 10,220,000. Upande wa pili, tunaendesha kilomita 12,000 kwa mwaka siku hizi. Noah hunipa kilomita 8 kwa lita, yaani lita 1,500. IST ingenipa 14, yaani lita 857. Nilikadiria petroli kwa shilingi 3,200, ingawa bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nikapata akiba ya mafuta ya shilingi 2,057,000 kwa mwaka. Hilo si jambo dogo, na yeyote anayependa gari lake la zamani anapaswa aliandike kwa herufi kubwa. Matengenezo nilikadiria IST ingetumia 800,000 badala ya 1,605,000. Jumla ya akiba 2,862,000. Nikatoa shilingi 600,000 za kukodi gari kubwa kwa ajili ya mavuno, misiba na Desemba, kwa kuwa IST haibebi watu wanane wala magunia. Ilitoka kwamba gari jipya lingejilipa kwa miaka minne na nusu.

Nilikaribia kusaini fomu ya mkopo. Kilichonizuia ni zile safu tatu. Nilikuwa nimelinganisha Noah yenye uzembe wangu na IST isiyo na uzembe wangu. Feki za madukani nazo hazichagui toleo. Boksi lenye stika ya kung'aa lingenisubiri palepale. Uzee pekee ndio ambao ningeuuza pamoja na gari, na uzee huo ulikuwa umenigharimu shilingi 683,000 kwa mwaka, chini ya kile nilichokuwa nimekitengea gari jipya. Kwa hiyo akiba ya matengenezo iliyeyuka yote, ikabaki ya mafuta peke yake, na miaka minne na nusu ikawa saba. Baada ya miaka saba IST ya namba D nayo ingekuwa gari la zamani lenye kilomita nyingi, na mimi ningekuwa kwenye benchi lilelile nikisikiliza utani uleule.

Kodi nayo inasukuma upande huohuo. Kuagiza gari kutoka Japani kunatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na juu yake gari lililofikisha miaka minane hutozwa ushuru wa uchakavu, asilimia 15 hadi miaka kumi na asilimia 30 likizidi hapo, ndiyo maana hata magari yaliyochoka humu nchini hayashuki bei kama mtu angetarajia. Na tangu Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, gari linalokaa uani halidaiwi ada hiyo. Zamani ulilipa kwa ukubwa wa injini hata kama gari limepandishwa juu ya mawe. Bima ndogo, iliyokuwa 118,000 mwaka 2024, ndiyo gharama pekee inayokuja hata kama sijaliwasha.

Mume wangu alikuwa na hoja moja, na hesabu zangu hazikuweza kuigusa. Alisema, "Mama watoto, kaa kwenye kile kiti, angalia magoti yako yako wapi." Kwenye Noah hii dereva amekaa juu ya injini, na kati ya magoti na gari linalokuja kuna boneti fupi tu. Magari ya miaka ya karibuni yameundwa sehemu ya mbele ijikunje na kuumeza mshindo kabla haujawafikia watu. Sikuwa na la kumjibu. Tulichokubaliana ni cha nusu tu: Noah haitakwenda tena Dar es Salaam, haitatoka usiku kwenye barabara kuu, na safari ndefu tutapanda basi. Bado hoja yake ina nguvu kuliko zangu zote, na siku nitakapouza huenda ikawa ndiyo iliyoniuzisha.

Hata hivyo, tuliamua kwanza tuipeleke sokoni, tusije tukawa tunabishana na bei ya kufikirika. Dalali akaandika tangazo ambalo sikulitambua gari langu ndani yake: injini haijawahi kufunguliwa, mwenye nayo mwanamke, ni kuweka mafuta na kuendesha. Nilimwambia kuwa hedi ilifunguliwa baada ya Makanya. Alinitazama kwa huruma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa kilomita "zirekebishwe" zisome 148,000, kwa kuwa kuna kijana anayeifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Nilikataa, naye akasema basi bei itabidi ishuke, na cha juu chake kitakuwa kidogo.

Walikuja wanunuzi watatu. Wa kwanza aliinua viti, akanusa oili, akaondoka. Wa pili alitaka kulipa kwa awamu nne na kubaki na kadi ya gari tangu awamu ya kwanza, jambo ambalo hakuna mhasibu anayeweza kulisikiliza hadi mwisho, hasa kwa kuwa faini za barabarani hufuata namba ya gari na mwenye jina kwenye kadi ndiye anayetafutwa. Wa tatu alikuwa kijana mwenye adabu aliyetaka kubebea wanafunzi. Huyu nilimpenda, na kwa kuwa niliona ni mtu wa kuaminika nilimtolea kaunta buku, nikamwonyesha kila kitu: hedi, shokapu, sili, tarehe, bei. Alisoma kwa makini kurasa kama sita. Kisha akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama, nashukuru, lakini gari hili limeumwa sana." Akaenda kununua Noah nyingine, ya namba B vilevile, isiyo na daftari.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa siku kadhaa. Sokoni, gari ambalo hakuna ajuaye lolote kulihusu lina thamani kuliko gari linalojulikana lote. Mnunuzi anaona hofu yake mwenyewe na kuipunguza kwenye bei. Ukimpa ukweli, anaongeza ukweli huo juu ya hofu badala ya kuuweka mahali pake. Na mimi nilikuwa najiandaa kufanya kosa lilelile kutoka upande wa pili: kutoa zimwi ninalolijua kwa bei ya kutupa, ili nikanunue kwa shilingi 12,500,000 zimwi ambalo dalali wake angeniambia kuwa injini haijawahi kufunguliwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami nadhani hawakuwahi kufikiria jinsi gharama ya kufahamiana na zimwi jipya ilivyo kubwa.

Lilibaki suala la oili. Sikutaka kuamua kabla ya kujua injini imebakiza nini, kwa hiyo siku ya Jumamosi nilirudi gereji tukapima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Fundi alichomoa plagi zote, akafunga geji kwenye tundu la kwanza, nikapiga stata huku nimekanyaga mafuta hadi chini, na tukaandika silinda moja baada ya nyingine kwa paundi: 160, 158, 161, 149. Kwenye ile ya nne alitia oili kidogo kama kijiko, tukapima tena, ikapanda hadi 157. Alinieleza kuwa ingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu. Ikipanda hivyo maana yake ringi ndizo zimeanza kuchoka. Moshi wake ni wa bluu na mwembamba, unaonekana tu unapopanda kilima na mzigo. (Nimeshasikia kila utani unaowezekana kuhusu gari la Moshi linalotoa moshi, tafadhali msiniandikie.) Injini haikuwa nzima, lakini ilikuwa mbali na kufa.

Alikuwa anafuta mikono kwa gazeti aliposema, bila kunitazama, "Mama, kama kweli mnauza, msimpe dalali. Niuzieni mimi. Nitawapa tano na laki sita."

Nilimuuliza kwa nini atoe 5,600,000 wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeandika orodha ya 1,385,000 na ametoka kuniambia ringi zimechoka. Akajibu maneno mawili tu: "Si naijua."

Nilirudi nyumbani nikaliandika hilo pia, kwa sababu lilikuwa tarakimu ya maana kuliko zote nilizokuwa nimezikusanya. Haikuwa haki kulinganisha bei yake na ya dalali moja kwa moja, maana yeye hatalipia ufundi. Katika orodha yake ufundi ulikuwa shilingi 310,000, nikaziondoa. Zikabaki 5,290,000. Tofauti ya shilingi 790,000 kati yake na soko haikuwa ya bodi wala ya injini. Ilikuwa bei ya kujua, na aliyekuwa tayari kuilipa ni mtu mmoja katika mji mzima ambaye mikono yake ilishapita kila mahali kwenye gari hilo. Na kama yeye, kwa yote anayoyajua, alitaka kulichukua, sikuona sababu ya mimi, ninayejua karibu kama yeye, kuliachia.

Tulimwambia hapana. Alicheka, akasema siku tutakapobadili mawazo tusimpitishe, tukakubaliana hivyo. Vitu saba tulivifunga kwa awamu mbili, mkanda, pampu, rejeta na themostati kwanza, halafu vya chini mwezi uliofuata, na kila spea niliinunua mwenyewe nikiwa na ya zamani kwenye mfuko. Geji ya joto sasa hukaa mahali ilipopaswa kukaa tangu mwaka 2014. Oili naiangalia kila Jumapili kabla ya ibada, na tumekubaliana na fundi kwamba mgandamizo utapimwa kila mwaka; silinda ya nne ikishuka chini ya 140 tutakaa tena, na safari hiyo nitamwachia mume wangu aanze kusema.

Nilifungua kaunta buku mpya Julai 2024, kwa kilomita 343,902, safu tatu zikiwa zimechorwa tayari kwa rula. Safu ya uzembe ilikaa tupu hadi Septemba, nilipoandika shilingi 30,000 za faini ya balbu ya breki iliyoungua, ambayo binti yangu alikuwa ameniambia wiki mbili kabla.